Mtoto na Mto Lualaba

Enyi mama wa Mikelenge, mtoto mdogo anayezama hapigi kelele. Hufa maji kimya, hata katika beseni la kufulia. Mwaka 2021 watu kama 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao hawakutimiza miaka 5.

Wengine husema, "Mtupe mtoni, atajifunza." La, atajifunza hofu tu! Mwenye miaka 6 afundishwe na mtu mzima penye maji matulivu yanayomfika kiunoni: apulize pumzi majini, alale chali aelee, kisha ageuke na kurudi ukingoni. Aliye mdogo zaidi msimwache peke yake kamwe. Kuelea hakumwokoi katika mkondo wa Lualaba.

Akitolewa hapumui, msimtundike kichwa chini wala kumkamua tumbo. Mpulizieni pumzi kinywani papo hapo, na mwingine akimbie kuita msaada.