Saa ya Gulwe

Mtu wa Mpwapwa, akihadithia safari zake za zamani za kwenda pwani, hasemi kwamba alipanda treni Mpwapwa, kwa kuwa treni haijapata kufika mjini kwetu hata siku moja. Husema alipandia Gulwe, na aliporudi alishukia Gulwe, na katika neno hilo moja mna safari nzima iliyotangulia safari yenyewe: lori la vumbi au mwendo wa miguu, mzigo kichwani, kuku aliyefungwa miguu kwa ukambaa, na kungojea gizani kando ya reli mpaka itokeze kwa mbali taa moja iliyodhaniwa kwanza kuwa nyota. Gulwe ndiyo iliyokuwa mlango wetu wa kutokea na kuingilia. Mlango huo ulikuwa na saa zake, ya usiku kwa mtu anayekwenda na ya alfajiri kwa mtu anayerudi.

Wageni huona ajabu kwamba mji wa kale kama Mpwapwa uliachwa pembeni na reli, ilhali kabla ya reli misafara mingi mikubwa ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikuwa ikipita hapa, wapagazi wakapumzika na kuteka maji kabla ya kuikabili nyika kavu ya Ugogo. Stanley alipita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone. Wamisionari Waingereza wakaweka kituo chao katika muongo huohuo. Na Wajerumani, baada ya vita vya Abushiri wa pwani kufika hata huku bara mwaka 1889, wakajenga ngome. Lakini wapagazi walifuata maji ya kunywa, na injini ilifuata wepesi wa mlima. Wahandisi walioanza kazi Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Morogoro mwaka 1907 na Dodoma mwaka 1910, walipotoka Kilosa walitafuta mahali ambapo reli ingeweza kupanda uwanda wa juu polepole pasipo kuchimba majabali, wakauona mkono wa mto Mkondoa na wa Kinyasungwe, wakaingia humo. Mkono huo uliwaleta Gulwe, ukatuacha sisi upande wa kaskazini na vilima vyetu. Mwezi wa Februari mwaka 1914 reli ilikuwa imekwisha kugusa maji ya Tanganyika huko Kigoma, kilomita zipatazo 1,250 kutoka bahari ya Hindi, na miezi michache baadaye vita vikaingia.

Hiyo ni historia ya serikali na makampuni. Historia ninayotaka kuiandika mimi ni ya usiku mmoja, uliorudiwa mara nyingi mno kwa miaka mingi.

Treni iliondoka Dar es Salaam jioni, wakati joto la mji linapoanza kulegea. Msafiri wa daraja la tatu, ambaye ndiye msafiri ninayemjua, alikuwa ameshika tikiti ndogo ya kadi ngumu, nene kama ukucha wa dole gumba, ambayo mkaguzi aliitoboa kwa koleo lake na kumrudishia. Akina mama waliifunga katika pindo la kanga, wanaume waliiweka katika kofia, nasi wanafunzi, tuliosafiri kwa waranti ya serikali, tuliitazama mara kwa mara kuhakikisha kwamba ingalipo. Ruvu ilipita kungali na mwanga kidogo. Mpaka Morogoro watu walikuwa wamekwisha kujuana: huyu anakwenda kumuuguza ndugu Tabora, yule ni askari anarudi kambini, bibi huyu ana mgomba mchanga uliofungwa gunia, anaupeleka Kigoma kana kwamba Kigoma hakuna migomba. Vyakula vilifunguliwa. Mtu aliyekula peke yake katika behewa la daraja la tatu alionekana mgonjwa au mwenye huzuni, na aghalabu aliulizwa lipi limempata.

Halafu usingizi uliwashika wote pamoja, na hapo ndipo palipokuwa na jambo ambalo sijaliona tena katika chombo chochote cha safari. Watu wasiokuwa na nasaba wala kabila moja walilala wakiegemeana mabega, mtoto wa huyu juu ya mapaja ya yule, na mizigo yao yote ikiwa chini ya ulinzi wa mzee mmoja asiyelala, kwani katika kila behewa Mungu alijaalia mzee mmoja asiyelala. Baada ya Kilosa sauti ya magurudumu ilibadilika. Injini ilianza kuvuta kwa taabu, na aliyekuwa macho aliweza kuusikia mto upande mmoja na mwangwi wa mlima upande wa pili, kisha ukaja ubaridi usiokuwako pwani, ukipenya katika mianya ya madirisha, hata watu wakajifunika vitenge na mashuka na kusogeleana zaidi. Mimi kwa ubaridi huo nilijua kwamba kwetu kumekaribia. Mibuyu ilianza kujitenga na giza mmoja mmoja. Godegode ikapita, na harufu ya vitunguu vilivyorundikwa magunia. Na mara kipande cha reli kilichoning'inizwa mbele ya stesheni kikagongwa kwa chuma, ngo, ngo, ngo, kikawaamsha binadamu na mbwa wa Gulwe kwa pamoja.

Shangazi yangu aliishi kwa saa hiyo. Alikuwa akiuza chai. Wakati treni ingali ng'ambo ya milima yeye alikuwa amekwisha kuwasha mafiga, na injini ilipoingia stesheni alikuwa amesimama mahali pake, birika mkono wa kulia, na sinia la vikombe vya bati mkono wa kushoto. Biashara ile ilikuwa na elimu yake. Treni ilisimama dakika chache. Madirisha yalikuwa juu, muuzaji alikuwa chini. Kila mnunuzi alitaka kikombe chake kwanza, nacho kilikuwa cha moto kisichoweza kunywewa kwa pupa. Shangazi alipandisha kikombe, akapokea senti, akasogea dirisha la pili, na macho yake yakabaki yakitembea juu ya vikombe vyake vyote, mithili ya mchungaji ahesabuye mbuzi. Gadi alipopuliza filimbi na kupepea taa ya kijani, mabehewa yakashtuka na kuanza kwenda, ndipo vikombe vilipoanza kurudi: mwenye haraka alimkabidhi mkononi, na mwenye kuchelewa alikitupa nje kikaangukia kokoto. Kila kikombe kilichotupwa kilipata bonde. Shangazi hakukasirika, kwani kikombe chenye bonde ni kikombe kilichorudi.

Nilikuwa mtu mzima nilipotambua kwamba nilichokiona pale kilikuwa sehemu ya uchumi wa nchi kavu yote hii. Treni ya usiku haikuwa injini na mabehewa tu. Ilikuwa pia stesheni zake, na kila stesheni ilipewa saa moja ya usiku kuwa mji. Kidete ilikuwa na saa yake, Gulwe ilikuwa na yake, na Msagali na Igandu kadhalika. Katika saa hiyo yalikuwako mataa, bei, habari za Dar es Salaam na magazeti ya jana yake, barua ziliteremshwa, maziwa na mayai na asali vilipandishwa, na mwalimu aliyepangiwa Chuo cha Ualimu Mpwapwa alikanyaga ardhi yetu mara ya kwanza akiwa na sanduku la bati na uso wa mtu asiyejua aelekee wapi. Walimu wangapi wa nchi hii waliingia katika kazi yao kwa kupitia mchanga wa Gulwe! Hata maafisa wa mifugo, waliofanya kazi katika kituo cha utafiti cha Mpwapwa na kumlea ng'ombe aliyepata kuitwa kwa jina la mji wetu, walikuja kwa mlango huohuo. Treni iliposhika njia saa ile ilikwisha, mataa yakazimwa, na Gulwe ikarudi kuwa kijiji.

Insafu yanitaka niseme pia mabaya yake. Treni ile ilichelewa. Ilichelewa saa mbili, ilichelewa usiku mzima, na nyakati nyingine watu walilala kando ya reli siku ya pili yake na watoto wao wakilia kwa njaa. Ilijaa kupita kiasi, vyoo vyake havikuwa vya kutamanika, na wezi waliujua usiku wake kuliko abiria. Na tarehe 24 Juni 2002, asubuhi na mapema, katika kipande hikihiki cha reli baina ya Msagali na Igandu, treni iliyopakia abiria zaidi ya 1,200 ilishindwa na mlima. Breki hazikushika, ikarudi kinyumenyume ikiongeza kasi katika mteremko, ikaigonga treni ya mizigo. Walikufa watu 281. Wengi wao walikuwa ni walewale wa kulala mabega kwa mabega. Sijaweza kuizungumza treni ya usiku tangu siku hiyo pasipo kuwataja, na nisingemwamini mtu anayeweza.

Kufa kwa treni ya usiku hakukuja mara moja. Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na Shirika la Reli Tanzania likaundwa, injini na mabehewa yalikuwa yameanza uzee, na fedha za kuyafufua zilikuwa haba. Barabara za lami zikafunguliwa, basi likawa linakwenda mchana mmoja safari ambayo treni iliichukua jioni, usiku na asubuhi. Mwaka 2007 uendeshaji wa reli ukakabidhiwa kampuni ya ubia na Wahindi, na baada ya miaka michache ukarejea serikalini. Lakini pigo la kweli, kwa sisi wa bonde hili, lilitoka kwa mto. Mwisho wa Desemba 2009 na mwanzo wa Januari 2010 mvua zilinyesha kwa wingi, Mkondoa na Kinyasungwe vikafurika, tuta likamegwa na mataruma yakabaki yakining'inia na reli zake hewani kama ngazi iliyotupwa. Baina ya Kilosa na Gulwe, kiasi cha kilomita 80, hapakuwa na njia. Miezi ilipita treni isionekane. Ule wepesi uliowavutia Wajerumani kuufuata mto ulidai malipo yake baada ya miaka mia moja. Treni zilirejea, zikakatizwa tena na mafuriko mengine, lakini ile saa ya Gulwe, saa ya kutegemewa ambayo mama anaweza kuitilia moto birika, haikurejea.

Sasa tuna reli mpya, yenye upana wa milimita 1,435 badala ya mita moja ya Wajerumani, nayo huendeshwa kwa umeme. Safari za abiria mpaka Dodoma zilianza Julai 2024, na Rais Samia Suluhu Hassan akazizindua rasmi tarehe 1 Agosti. Kule Kilosa imetoboa milima, mahali ambapo ile ya zamani iliizunguka kwa unyenyekevu, na saa zipatazo tatu na nusu zatosha kumfikisha mtu Dodoma kutoka Dar es Salaam. Nimeipanda, na nimeshukuru. Mgonjwa anayepelekwa hospitali kubwa hahitaji mashairi ya usiku, anahitaji kufika. Sitaki mtu anidhanie kwamba ningemrudisha mjukuu wangu katika behewa lililojaa ili mimi nipate kufurahia kumbukumbu zangu.

Lakini treni za mwendo wa haraka hazina dakika za kuvipa vituo vidogo, madirisha yake hayafunguki, na hata zingesimama hapangekuwa na njia ya kikombe kupanda wala kushuka. Jirani zetu wa Kenya waliyaona hayo mapema: reli yao mpya baina ya Mombasa na Nairobi ilipozinduliwa mwishoni mwa Mei 2017, ile treni ya usiku iliyokuwa mashuhuri kwa vizazi vingi ikawa imekoma, na Voi na Mtito Andei zikapoteza saa zao. Kwa upande mwingine, huko Ulaya, ambako treni za usiku zilidhaniwa zimekwisha, shirika la reli la Austria lilizichukua zile zilizoachwa na Wajerumani mwaka 2016 na likazidi kuziongeza, kwa sababu watu wamegundua kwamba kulala njiani ni kuokoa mchana. Naandika haya nikijua kwamba huenda siku moja wakubwa wa reli wakaipangia reli yetu mpya safari ya usiku kwenda magharibi, Tabora, Mwanza na Kigoma, na wakafikiri vituo vidogo ni vya kupita tu. Wakumbuke kuulizia watu wa vituo hivyo wanauza nini, na wanauza saa ngapi.

Vikombe vya shangazi vilikuwa kumi na viwili. Katika miaka yote aliyofanya kazi ile alipoteza vitatu, na cha nne kilipotea kikarudi. Askari mmoja alikuwa hajamaliza chai yake treni ilipoondoka, na kwa kuona aibu kukitupa kikombe cha mtu, alikishika mpaka Dodoma, akamkabidhi gadi wa treni ya kushuka. Na usiku wa pili gadi huyo aliinama katika ngazi ya behewa lake, pale Gulwe, akauliza kwa sauti mwenye kikombe yuko wapi. Ndicho pekee kisichokuwa na bonde. Shangazi amekwisha kufariki, na vikombe tisa vimebaki kwetu Mpwapwa, kabatini. Mgeni akija tunampa hicho kilichokwenda Dodoma, sisi tunakunywa katika vile vilivyotupwa.