Dereva Ana Cheti, Lakini Je, Amelala?



Wapendwa wasomaji, mwezi huu tuzungumze juu ya baba, kaka na vijana wetu walioajiriwa kuendesha magari ya kampuni.

Usiku mmoja tulipokea dereva wa lori na utingo wake. Utingo alivunjika paja. Dereva alikuwa na jeraha kichwani, akawa anarudia maneno yale yale: "Sikuliona, sista, sikuliona." Alikuwa amegonga trela lililoharibika kando ya barabara. Pombe hakunywa. Asubuhi mkewe alipofika alitueleza kwamba mumewe aliondoka nyumbani saa kumi alfajiri. Ajali ilitokea saa nne usiku. Hesabu mwenyewe: saa 18. Na cheti cha udereva wa kujihami alikuwa nacho, maana kampuni ilimpeleka semina mwaka uleule.

Sisemi semina hizo ni bure. Zinafundisha mambo mazuri: kutazama mbali badala ya kukodolea macho gari lililo mbele, kupunguza mwendo kabla ya kona, kufunga mkanda, na kuacha nafasi. Nafasi hupimwa hivi: gari la mbele likipita nguzo, sema taratibu "elfu moja na moja, elfu moja na mbili". Ukifika kwenye nguzo kabla ya kumaliza, umesogea mno. Mvua ikinyesha, hesabu mara mbili. Kwa lori lenye mzigo, zidisha pia.

Lakini mwili uliochoka hausomi cheti. Mtu aliyekaa macho kwa saa 17 hivi hufanya makosa kama mtu aliyekwisha kunywa pombe ya kutosha kumfikisha mbele ya hakimu katika nchi nyingi. Gari likienda kilometa 80 kwa saa, hukata mita 22 kila sekunde. Dereva akisinzia sekunde tatu tu, gari limekwenda mita 66 bila mwenyewe. Kufungua dirisha au kuongeza sauti ya redio hakuondoi usingizi. Dawa ya usingizi ni kulala.

Mwaka 1996 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Sweden katika kampuni ya simu, Televerket. Madereva waligawanywa katika makundi: wengine walipewa mafunzo ya udereva, wengine matangazo ya kuwahimiza, wengine zawadi ya fedha wasipopata ajali, na wengine walikutana tu vikundi vidogo, wakajadili hatari za kazi yao na kila mmoja kuamua atabadilisha nini. Waliofanikiwa kuliko wote ni hao wa vikundi. Mimi nilipoyasoma nilikumbuka jumuiya zetu ndogo ndogo! Mwajiri anayesoma ukurasa huu anaweza kuanza Jumatatu: viti, chai, na ruhusa ya dereva kusema, "Ratiba hii haiwezekani," bila kuogopa kufukuzwa. Maana mara nyingi anayekanyaga mafuta ni dereva, lakini anayemharakisha amekaa ofisini.

Nyumbani nako tuna kazi. Mama, usimpigie simu akiwa usukani. Mwambie akupigie akisimama. Hata simu ya kusikilizia masikioni inaiba akili. Akirudi kutoka safari ya usiku, watoto wacheze nje, na wageni wa harusi na michango wangoje jioni. Najua ni vigumu katika nyumba ya vyumba viwili. Akikoroma sana na kusinzia mchana hata baada ya kulala vya kutosha, mlete hospitali, huo unaweza kuwa ugonjwa na unatibika.

Tena ukija kutibiwa mafua au mwasho, utangulize kusema kwamba wewe ni dereva. Piritoni, kidonge kidogo kinachouzwa kila duka la dawa, huleta usingizi. Tukijua kazi yako tutakutafutia dawa nyingine, au tutakuandikia mapumziko.