Kamera Kwenye Mizani ya Mangi

Mangi wa mtaani kwetu Tabata ana mizani ya kupimia mchele na maharage, ile ya zamani yenye uso mweupe na mshale mwekundu. Asubuhi moja ya Desemba, nikiwa njiani kwenda kupanda basi la Kilwa, nilimwomba niweke begi langu juu yake. Mshale ukapanda, ukatetemeka, ukatua kwenye kilo saba na robo. Mangi akaniangalia, akaliangalia begi.

"Dada, hii unauza kwa kilo?"

Humo ndani hamkuwa na nguo hata moja. Ilikuwa kamera na ukoo wake. Canon 5D Mark III, gramu 950 ikiwa na betri. Lenzi ya milimita 24-70, gramu 805. Ile ndefu nyeupe ya 70-200, gramu 1,490 peke yake. Tripodi, flashi, kompyuta mpakato, chaja, na nyaya ambazo nyingine mpaka leo sijui ni za nini. Nguo zilikuwa kwenye mfuko wa pili, nao nimeubeba mkono wa kushoto.

Kazi yangu ni kupiga picha za harusi, sendofu na singo. Kwenye kazi hiyo kamera kubwa si anasa. Mteja wa Dar akiona umeshika kadude kadogo anahisi amepunjwa, na mwenyekiti wa kamati atakuuliza mbele za watu, "Vipi, mwenye kamera yake hajafika?" Kwa hiyo nilizoea uzito. Bega la kulia limezama kidogo kuliko la kushoto, na fundi wangu wa nguo analijua hilo, hushona magauni yangu akilizingatia. Kosa langu lilikuwa kudhani kinachofaa ukumbini kinafaa safarini.

Kutoka Kilwa Masoko unavuka kwa mashua kwenda Kisiwani, kwenye magofu yaliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981 pamoja na yale ya Songo Mnara. Siku ile upepo ulikuwa na nguvu na maji yalirukia ndani, kwa hiyo kamera nilikuwa nimeifunga kwenye plastiki, plastiki kwenye kanga, kanga kwenye begi, begi nimelikumbatia kama mtoto. Katikati ya mkondo ikatupita mashua nyingine, tanga limejaa, watoto wawili wamekaa ubavuni miguu inachezea maji, jua limewapiga kwa nyuma. Mpaka nimefungua zipu, nimefungua fundo la kanga, nimebandua plastiki, ilikuwa imeshatupa mgongo. Picha niliyopata ni ya tanga kwa mbali na bega la nahodha wetu.

Lakini aliyenifundisha hasa si ile mashua. Ni bibi yangu mzaa mama, anayekaa Kilwa Kivinje.

Nilimkuta uani anapepeta mchele. Mwanga ulikuwa unapita kwenye makuti, vumbi la pumba linaelea, mikono yake inakwenda yenyewe bila kutazamwa. Nikainua kamera. Akaweka ungo chini pale pale, akaingia ndani, akatoka na kanga mpya iliyokuwa bado na mikunjo ya dukani, akakaa wima kitini, mikono magotini, macho makavu kama anapigwa picha ya kitambulisho.

"Bibi, wewe endelea tu na kazi yako."

"Niendelee vipi, mwanangu, na umeniwekea mzinga usoni?"

Sikuwa na jibu. Lenzi ile ukiielekeza kwa mtu kweli inafanana na mzinga.

Niliporudi Dar nilifanya jambo ambalo namshauri kila mtu alifanye kabla hajatoa hata shilingi. Kila picha ya dijitali hubeba taarifa zake ndani: saa iliyopigwa, kasi ya shata, na milimita za lenzi. Hata kwenye simu, ukiifungua picha na kutazama maelezo yake utaziona. Nilipitia picha 340 nilizokuwa nimebakiza kutoka Kilwa. Zilizopigwa kwa ile lenzi nyeupe ya karibu kilo moja na nusu zilikuwa 11, na kati ya hizo 6 ni za kunguru mmoja. Nyingi mno zilikuwa kati ya milimita 28 na 50. Nilikuwa nimebeba mzinga kwa ajili ya kunguru.

Hapa inabidi nieleze kwa nini kamera moja ni nzito na nyingine nyepesi, maana wauzaji wengi hawaelezi. Siri iko kwenye sensa (si ile ya kuhesabu watu), yaani kile kibamba kinachopokea mwanga mahali ambapo zamani palikaa filamu. Sensa ya kamera yangu ya harusi ina milimita 36 kwa 24. Kamera za aina ya Micro Four Thirds, zilizoanza kuuzwa mwaka 2008, zina sensa ya milimita 17.3 kwa 13, karibu nusu kwa kila upande. Sensa ikipungua, lenzi nayo hupungua, kwa sababu ina eneo dogo la kumwagia mwanga. Lenzi ya milimita 45 kwenye sensa hiyo inaona sawa na ya milimita 90 kwenye ile kubwa. Katikati yao kuna APS-C, milimita kama 23.5 kwa 15.6, inayotumiwa na Fujifilm na kamera nyingi za Sony na Canon za bei ya wastani. Kamera mpya pia zimeondoa kile kioo cha ndani kinachopiga kelele kila unapobonyeza, na hapo mwili ukapungua unene.

Kinachonichekesha ni kwamba hiyo milimita 36 kwa 24, ambayo leo tunaiita kubwa na tunajivunia, ilianza kama kipimo cha kamera ya mfukoni. Oskar Barnack, fundi Mjerumani wa mji wa Wetzlar, alikuwa na pumu, na kamera za sahani za kioo zilimtesa kila alipotoka kutembea. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza akaunda kamera ndogo inayotumia mkanda wa filamu ya sinema, fremu mbili za sinema zikawa fremu yake moja. Mwaka 1925 ikaonyeshwa kwenye maonyesho ya Leipzig kwa jina la Leica. Mgonjwa wa pumu alitaka kupumua, na wajukuu zake katika kazi hii tumeishia kuota vigimbi.

Udogo una gharama, tusidanganyane. Sensa ndogo ikipelekwa gizani unalazimika kupandisha ISO, yaani usikivu wake kwa mwanga, na chenga zinaingia mapema kuliko kwenye kubwa. Mandhari ya nyuma nayo hayafifii kwa ulaini ule ule wanaoupenda maharusi. Kwangu msafiri, hayo nayameza. Nikipiga picha ya mtu Kivinje nataka nyumba yake ionekane nyuma yake, si wingu la rangi.

Nilichonunua ni Olympus OM-D E-M10 Mark II, ya mtumba, modeli ya mwaka 2015. Gramu 390 ikiwa na betri na kadi. Juu yake nikaweka lenzi ya 14-42 iliyo bapa kama andazi lililokataa kuumuka, gramu 93. Ya 45 yenye tundu la f/1.8, gramu 116. Na ya 40-150, gramu 190. Jumla gramu 789. Kamera na lenzi tatu pamoja zinazidi kidogo tu nusu ya uzito wa ile lenzi nyeupe peke yake. Niliporudi kwa mangi mshale haukufika hata kwenye kilo moja, naye akasema bora anipimie kwa mizani ya pilipili manga.

Safari iliyofuata nilivuka kwenda Kisiwani kamera ikiwa shingoni, chini ya mtandio. Kwenye Msikiti Mkuu, ambao sehemu yake ya kwanza ni ya karne ya 11, kuna upande wenye makuba na nguzo za mawe ya matumbawe. Mwanga unaingia vipande vipande, na kona ni giza hata saa sita. Hapo lenzi bapa inaanza kulalamika, kwa sababu tundu lake ni dogo. Kilichoniokoa ni kwamba kamera hii hutuliza sensa yake mkono unapotikisika, kwa hiyo niliegemea nguzo, nikabana pumzi, nikashusha kasi ya shata. Kwa nguzo inafaa. Kwa mtoto anayekimbia haifai, maana kamera inatuliza mkono wako, haimtulizi mtoto. Kule Husuni Kubwa, kwenye lile birika la pembe nane juu ya bahari, milimita 14 ilitosha kwa shida. Nilirudi nyuma mpaka mwongoza wageni akanishika mkono nisidondoke. Anayependa majengo zaidi ya watu atafute lenzi pana zaidi na aiache nyumbani ile ndefu.

Halafu Bibi. Alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi, ananisimulia habari za jirani aliyehamia Lindi na deni la watu. Nikaweka ile ya milimita 45, nikakaa kwenye kigoda hatua tatu mbele yake, kamera usawa wa kifua, kioo chake nimekiinua nikitazama kwa juu kama mtu anayesoma meseji. Kizio kikaisha, akachukua cha pili. Habari ya jirani ikafika kwenye mahari. Baada ya kama saa nzima akaniuliza, "Leo hukuja na mzinga wako?" Wakati huo nilikuwa nimeshapiga picha arobaini na kitu. Katika moja ya hizo anacheka kuelekea pembeni, chicha imemganda kidoleni, na kanga yake ni ile ya kila siku, iliyopauka.

Utaniuliza, na simu je? Simu ni kamera nzuri, na kwa mtu anayepiga picha za mahali pana, chakula na wenzake, sioni sababu ya kumwambia anunue kitu kingine. Shida zake ninazijua mbili. Jua la saa saba ufukweni linafuta kioo chote, unapiga kwa kubahatisha, wakati kamera yenye tundu la kuchungulia haijali jua. Ya pili ni chaji. Simu ikizima Nangurukuru, umepoteza kamera, ramani, tiketi na nauli iliyomo M-Pesa kwa mpigo mmoja.

Kuna pia kamera zenye lenzi moja isiyobanduka. Ricoh GR III ina gramu 257, inaingia mfuko wa dira, inaona kama milimita 28. Haina tundu la kuchungulia wala kinga ya vumbi na maji. Fujifilm X100VI ya mwaka 2024 ina gramu 521, inaona kama milimita 35, na ni nzuri kuishika kuliko nyingi nilizoshika. Ukiwa na ubavu wa bei yake na huhitaji kuvuta vitu vya mbali, nenda nayo. Mimi nilihitaji ile 45.

Ukinunua ya mtumba, na wengi wetu ndiko tuliko, usiridhike na ung'avu wa nje. Sisi watu wa pwani adui yetu ni kuvu. Ifungue lenzi, washa tochi ya simu upande mmoja, chungulia upande wa pili kwa kuinamisha kidogo. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, irudishe mezani hata kama muuzaji anaapa kuwa ni vumbi. Zungusha kila pete, piga picha kumi na kadi yako mwenyewe, kisha zikuze uzitazame kona. Kama ni Olympus, jua pia kwamba kampuni hiyo iliuza kitengo chake cha kamera, na sasa mpya zinatoka kwa jina la OM System. Lenzi za zamani bado zinaingia.

Betri ndiyo inayodhoofisha kamera ndogo. Yangu hupewa makadirio ya picha 320 kwa chaji moja, na haichajiwi ndani ya kamera, kwa hiyo nina betri mbili na chaja ndogo inayokula pawabenki. Ukirudi kutoka majini, usiikimbizie kamera kwenye mchele kama wanavyosema mitandaoni. Vumbi la mchele litaingia kwenye vitufe. Ifute chumvi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, halafu kikavu, uiweke kwenye boksi pamoja na vile vifuko vidogo vinavyokuja na viatu vipya. Begi maalumu la kamera sinalo tena. Linawatangazia vibaka wote wa stendi. Nina kikapu cha ukindu, na ndani yake kanga moja ya kufungia.

Anayekwenda mbugani kufuata ndege au chui, mpangilio wangu utamwangusha; huko ndefu na nzito zina kazi yake, na gari ndilo linalobeba. Hata mimi ile kubwa sijaiuza. Jumamosi nina harusi Sinza, watu mia nne, na mwenyekiti wa kamati ameshapiga simu kuuliza nitakuja na kamera gani.