TETESI ZA BEMBEA: Shabiki huona chuma, mwenye hisa aone hesabu

WAPENZI wa bustani kubwa za burudani za Marekani wana kipaji ambacho mfanyabiashara yeyote angekitamani: hujua mambo mapema. Bembea ikikaribia kung'olewa, au jumba la mizimu likikaribia kubadilishwa sanamu zake, wao huwa wameshalisema wiki au miezi kadhaa kabla kampuni haijatoa tamko. Mara nyingi huwa wamepatia.

Swali linalomhusu mwekezaji mdogo ni jingine: je, habari hiyo ina thamani katika soko la hisa?

Mwenendo wa makampuni hayo katika miaka ya karibuni unaonyesha kuwa thamani yake ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Tetesi za mashabiki ni habari nzuri kuhusu chuma. Kuhusu fedha zinasema kidogo sana, na aliyechanganya mambo hayo mawili ameumia.

Kisa cha Kingda Ka

Mfano ulio wazi ni Kingda Ka, rola kosta iliyokuwa katika bustani ya Six Flags Great Adventure, mjini Jackson, jimbo la New Jersey. Rola kosta ni vigari vya abiria vinavyokimbizwa juu ya reli zinazopanda na kupinda hewani. Kingda Ka ilifunguliwa mwaka 2005, ikiwa na kimo cha mita 139 na mwendo wa kilomita 206 kwa saa. Wakati huo hapakuwa na nyingine duniani iliyoifikia kwa kimo wala kwa kasi. Sifa ya kasi ilinyang'anywa mwaka 2010 na Formula Rossa ya Abu Dhabi.

Mwaka 2024 mashabiki walianza kunong'ona kwamba siku za mtambo huo zinahesabika. Kampuni ilikaa kimya. Kingda Ka ilibeba abiria wake wa mwisho Novemba 10, 2024. Siku nne baadaye ndipo ilipotangazwa rasmi kwamba haitarudi, nayo Februari 28, 2025 ikaangushwa kwa baruti. Wapenzi wengi walinung'unika kwamba hawakupewa hata nafasi ya kuiaga.

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Lakini mtu aliyejua habari hiyo miezi miwili mapema angefanya nini nayo sokoni? Six Flags ilikuwa imeungana na Cedar Fair Julai 1, 2024, na kampuni iliyozaliwa ilikuwa na bustani 42, zikiwamo 15 za michezo ya maji. Bembea moja, hata iwe ndefu kuliko zote, haiwezi kutikisa hesabu za bustani 42.

Kilichomhusu mwenye hisa ni mpango mpana ambao ubomoaji huo ulikuwa sehemu yake: kampuni ilikuwa imesema itatumia zaidi ya dola bilioni 1 katika bustani zake kwa miaka ya 2025 na 2026. Mashabiki walijadili mnara utakaoanguka. Fedha hizo zingetoka wapi, na zingerudi lini, hawakuhangaika nalo.

Kilichoshusha bei

Hisa za Six Flags zilikuwa zikiuzwa kwa zaidi ya dola 50 wakati wa muungano, Julai 2024. Kufikia Novemba 2025 zilikuwa chini ya dola 20. Anayetafuta sababu katika orodha ya bembea zilizofungwa atachoka bure.

Sababu zilikuwa za kawaida, zile ambazo hata muuza nguo wa Kariakoo anazielewa. Hali mbaya ya hewa mwanzoni mwa msimu wa 2025 ilifukuza wateja, na mahudhurio ya robo ya pili ya mwaka huo yakapungua kwa asilimia 9. Kampuni ilikuwa imebeba deni la takriban dola bilioni 5, na riba haisubiri mvua ikatike. Novemba 2025, katika hesabu za robo ya tatu, kampuni ikafuta takriban dola bilioni 1.5 za thamani isiyoshikika iliyokuwa kwenye vitabu vyake. Kwa maneno mengine, ilikiri kwamba mali iliyoandikwa haikuwa na thamani iliyoandikwa.

Yote hayo yalikuwa yakionekana katika ripoti za robo mwaka, ambazo mtu yeyote anaweza kuzisoma. Hayakuhitaji kunong'onezwa na fundi wa reli.

Kitu kipya si lazima kiwe faida

Tetesi zinazowafurahisha wapenzi kuliko zote ni za kitu kipya. Hapa pia mwekezaji anapaswa kwenda polepole.

Katika bustani ya Cedar Point, mjini Sandusky, jimbo la Ohio, kulikuwa na rola kosta iitwayo Top Thrill Dragster, iliyofunguliwa mwaka 2003. Agosti 2021 kipande cha chuma kilichomoka na kumjeruhi mwanamke aliyekuwa kwenye foleni. Bembea ikafungwa. Septemba 2022 kampuni ikatangaza kwamba haitarudi katika sura ile ya zamani, na kwa muda mrefu mashabiki wakakisia itarudi vipi. Walipatia kwamba ingefufuliwa kwa mtindo mwingine.

Mei 2024 ikafunguliwa upya kwa jina la Top Thrill 2. Haikumaliza wiki mbili. Ilisimamishwa ili vigari vyake virekebishwe, ikabaki imefungwa msimu wote wa 2024, na ikarudi kazini Mei 2025. Mtaji ulikuwa umeshalala pale, matangazo yalikuwa yameshalipiwa, na wateja walikuwa wameshanunua tiketi za msimu. Tetesi ilikuwa ya kweli na faida ilichelewa mwaka mzima.

Muda nao hutofautiana mno kati ya badiliko moja na jingine. Disney ilitangaza Julai 2016 kwamba jumba lake la vitisho la Tower of Terror huko California litabadilishwa. Lilifungwa Januari 2017 na Mei mwaka huo huo likafunguliwa na mchezo mpya, kwa sababu jengo na mashine za kuinulia abiria zilibaki zile zile. Lakini Splash Mountain, ambayo badiliko lake lilitangazwa Juni 2020, ilifungwa Florida Januari 2023, na mrithi wake akafunguliwa Juni 2024. Kutoka tangazo hadi tiketi ya kwanza ni miaka minne. Anayenunua hisa kwa kufuata tangazo ajiulize kama mfuko wake unaweza kungoja kiasi hicho.

Mzimu mmoja katika nyumba kubwa

Majumba ya mizimu ndiyo yanayozua mabishano makali zaidi. Haunted Mansion ya Disneyland, California, ilifunguliwa Agosti 1969. Ndani yake palikuwa na sanamu ya mzimu aliyeshika boksi la kofia, ambaye kichwa chake kilipaswa kutoweka shingoni na kutokea ndani ya boksi. Kiini macho hicho hakikufanya kazi vizuri, na sanamu ikaondolewa muda mfupi baada ya ufunguzi. Kwa miaka zaidi ya 40 wapenzi waliuliza atarudi lini. Alirudi Mei 2015, na katika jumba la Florida akawekwa Novemba 2023.

Kwa shabiki hiyo ni habari ya maisha. Kwa mwenye hisa ni tone baharini. Katika mwaka wa fedha ulioishia Septemba 2024, kitengo cha Disney kinachosimamia bustani, meli za utalii na bidhaa kiliingiza zaidi ya dola bilioni 34 na kupata faida ya uendeshaji ya zaidi ya bilioni 9. Mzimu mmoja hauonekani katika tarakimu hizo, arudi asirudi.

Kinachoonekana ni mpango mzima wa matumizi. Septemba 2023 Disney ilitangaza kuwekeza takriban dola bilioni 60 katika kitengo hicho kwa miaka 10. Mashabiki walishangilia, lakini siku hiyo hiyo bei ya hisa ilishuka kwa zaidi ya asilimia 3. Shabiki alisikia bembea mpya. Soko lilisikia kwamba fedha zitatoka kwanza, na faida itafuata baadaye.

Jambo kama hilo limejitokeza kwa Comcast, kampuni inayomiliki bustani za Universal. Mei 22, 2025 ilifungua Epic Universe mjini Orlando, ikiwa na eneo zima la majitu ya kutisha ya sinema za zamani. Mapato ya bustani katika robo ya pili ya mwaka huo yalipanda kwa karibu asilimia 19. Hata hivyo hisa za Comcast zilimaliza mwaka 2025 zikiwa chini ya pale zilipoanzia. Mwaka 2024 kampuni hiyo iliingiza takriban dola bilioni 124, na kati ya hizo bustani zilileta bilioni 8.6 tu. Wasiwasi wa soko ulikuwa juu ya wateja wa intaneti waliokuwa wakihama. Aliyenunua Comcast kwa kupenda majini wa Orlando alinunua, bila kujua, kampuni ya nyaya.

Pale tetesi zinaposaidia

Si kwamba maneno ya wapenzi hayana faida kabisa. Yako mambo mawili ambayo huyaona vizuri kuliko wachambuzi wa soko.

La kwanza ni hamu ya wateja. Kila mwaka mashabiki hubishana juu ya nyumba za vitisho zitakazojengwa kwa ajili ya Halloween, msimu wa Oktoba wa mambo ya kutisha. Biashara hiyo ilianzia mbali: Knott's Berry Farm ya California imeendesha usiku wa vitisho tangu mwaka 1973, na Universal ya Florida tangu 1991. Nyumba nyingi za aina hii ni za muda, zenye mapambo na waigizaji, hivyo hazihitaji mtaji wa kusimamisha mnara wa chuma. Tiketi za usiku huuzwa kando, katika miezi ambayo shule zimefunguliwa na mahudhurio ya mchana yamepungua. Ubishi ukiwa mkali juu ya nyumba zijazo, ni dalili kwamba wateja bado wana njaa. Ukipoa, ni dalili pia.

La pili ni ardhi. Bustani ikikaa miaka bila kuongezewa kitu, wapenzi wa mtaa ule huwa wa kwanza kulalamika. Mwaka 2022 Cedar Fair iliuza ardhi ya California's Great America, iliyoko Santa Clara, kwa takriban dola milioni 310. Ilikuwa imeinunua kutoka serikali ya mji mwaka 2019 kwa milioni 150. Nayo Six Flags America ya Maryland ilifungwa moja kwa moja Novemba 2, 2025, na ardhi yake ikawekwa sokoni. Tetesi kwamba bustani nzima inakufa ni nzito kuliko tetesi za bembea moja, kwa kuwa nyuma yake kuna kiwanja chenye bei.

Shabiki mwenye mfuko

Oktoba 21, 2025 soko lilipata kioja. Mfuko wa uwekezaji wa JANA Partners ulitangaza kwamba, pamoja na washirika wake, una takriban asilimia 9 ya Six Flags. Mmoja wa washirika hao alikuwa Travis Kelce, mchezaji maarufu wa mpira wa miguu wa Kimarekani, aliyejieleza kuwa mpenzi wa bustani hizo tangu utotoni. Siku hiyo hisa zilipanda kwa zaidi ya asilimia 15.

Wiki chache baadaye zikatoka hesabu za robo ya tatu, na bei ikaporomoka kupita pale ilipokuwa kabla ya kioja hicho. Aliyekimbilia jina la mchezaji alikutana na mizania. Mfuko mkubwa unaweza kungoja miaka na kudai viti katika bodi. Mwenye hisa 50 hana kiti wala subira ya namna hiyo.

Mambo ya kuuliza

Mwekezaji anayesikia tetesi za bembea, ziwe za kweli au za kubuni, afadhali aulize haya kabla ya kumpigia dalali simu.

Kwanza, nani mwenye mali? Jina langoni si ushahidi. Bustani mpya ya Six Flags huko Qiddiya, Saudi Arabia, yenye rola kosta iliyoipita Kingda Ka kwa kimo na kasi, ni mali ya kampuni iliyo chini ya mfuko wa uwekezaji wa serikali ya nchi hiyo. Six Flags ya Marekani hulipwa kwa jina na utaalamu wake.

Pili, bustani ni sehemu gani ya kampuni? Kwa Six Flags ni karibu kila kitu. Kwa Comcast, mwaka 2024 zilikuwa kama senti saba katika kila dola ya mapato.

Tatu, fedha za ujenzi zinatoka wapi: kwenye faida au kwenye mkopo? Na kama ni mkopo, riba ni kiasi gani na unaiva lini?

Nne, kampuni imeandika nini? Tangu mwaka 2000 sheria za Marekani zinakataza makampuni yaliyoorodheshwa kuwadokezea wachambuzi na wawekezaji wachache habari nzito zinazoweza kugusa bei; zinapotolewa, zitolewe kwa wote. Kwa hiyo habari yenye uzito kwa hisa haina budi kufika kwenye ripoti rasmi, na ripoti hiyo haina kiingilio.

Ikiwa majibu ya maswali hayo manne hayapatikani, basi kilichosikika kinabaki kuwa mazungumzo ya foleni. Ni matamu, na pengine ni ya kweli, lakini bei ya hisa huamuliwa na idadi ya wanaopita langoni, wanachotumia wakiwa ndani, na deni linalowasubiri wenye bustani jioni wakati wa kufunga hesabu.