Kupangisha Nyumba kwa Watalii (Sehemu ya Pili): Tangazo Liseme na Maji Yakipwa

Wiki iliyopita tulimaliza habari za leseni na kodi. Leo tunaingia kwenye tangazo lenyewe, yaani ule ukurasa ambao mtu aliyeko Warsaw au Milano anausoma kwenye simu usiku, kabla hajatoa pesa yake. Mifano yangu nitaichukua Unguja, lakini mwenye nyumba wa Diani, Lamu au Bagamoyo naye atajikuta humu.

Matangazo mengi ya nyumba zetu yana ugonjwa mmoja, nao ni kuficha. Pitia nyumba za Paje, Bwejuu na Jambiani: karibu kila picha ya ufukwe imepigwa maji yamejaa, ya buluu, yamefika hadi kwenye minazi. Aliyekulia pwani ya mashariki anajua kuwa hiyo ni nusu ya habari. Maji yakipwa, mchanga hubaki wazi mamia ya mita, na bahari unaiona kule mbali kwenye mwamba unaovunja mawimbi. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Tena siku hizo maji hufikia mwisho wa kupwa mnamo saa 4 au 5 asubuhi, wakati ule ule mgeni anapomaliza chai na kushuka ufukweni na taulo begani. Anakuta mchanga, kamba za mwani na madau yaliyolala ubavu. Hakuna aliyemwambia. Papo hapo anaamini kuwa ametapeliwa, na hata ukimwandalia pweza wa nazi jioni, neno hilo halimtoki.

Kumbe kupwa huko si aibu ya nyumba yako. Huo ndio wakati wa kutembea hadi kwenye mashamba ya mwani, kilimo kilichoanza pwani hii mwishoni mwa miaka ya 1980 na ambacho kimebebwa zaidi na kina mama. Mgeni aliyeelezwa mapema huvaa viatu vya mpira kwa sababu ya viumbe wenye miiba, hujua asikanyage kamba za watu, huomba ruhusa kabla ya kupiga picha, na hurudi akiwa na la kusimulia. Maji ni yale yale na mchanga ni ule ule. Tofauti ni sentensi nne kwenye tangazo, ambazo unaweza kuziandika hivi:

“Bahari mbele ya nyumba hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Ikijaa utaogelea hapa hapa mbele ya mlango; ikipwa utatembea mchangani hadi kwenye mashamba ya mwani. Kabla hujafika tutakutumia saa za kujaa kwa kila siku ya safari yako, kwa sababu husogea mbele kwa karibu dakika 50 kila siku. Ukitaka kuogelea saa zote, Nungwi na Kendwa zitakufaa zaidi.”

Sentensi ya mwisho ndiyo inayowashtua wenye nyumba. Vipi nimfukuze mteja kwa mkono wangu mwenyewe? Jibu langu ni kwamba huyo hakuwa mteja wako. Angekuja, angekasirika, angekuacha na maoni yatakayosomwa na mamia ya watu baada yake. Aende zake Nungwi salama.

Mji Mkongwe nao una ya kwake ya kusema. Ngazi za nyumba za zamani ni za wima, na mwenye magoti mabovu na sanduku la kilo 23 anastahili kujua kuwa chumba kiko ghorofa ya tatu. Adhana ya alfajiri itamwamsha. Mwambie msikiti uko ukuta wa pili na umwekee vizibo vya masikio kwenye droo ya kitanda. Akija Ramadhani, mweleze kuwa mchana mikahawa mingi hufungwa na kula barabarani si adabu, kisha mtajie anapoweza kula kwa stara. Hata wembamba wa vyumba, ambao wageni huulalamikia, una maelezo yake: mafundi walitandika boriti za mikoko kutoka ukuta hadi ukuta, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba. Ukiiandika sababu hiyo, chumba chembamba kinakuwa sehemu ya ule mji ulioingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Ukinyamaza, kinakuwa chumba kidogo tu. Mficha uchi hazai.

Wapo watakaoniambia kuwa ukweli wote huu utashusha oda. Tupige hesabu. Airbnb humpa mwenyeji cheo cha Superhost akiwa na wastani wa nyota 4.8 au zaidi, akijibu walau asilimia 90 ya ujumbe ndani ya saa 24, na akiwa amevunja nafasi chini ya asilimia 1. Ukaguzi hufanywa kila miezi mitatu. Sasa chukua wageni 10. Wanane wakikupa nyota 5 na wawili wakikupa 4, umesimama kwenye 4.8 kamili. Wa tatu akiondoka na kinyongo, umeshuka. Na mgeni wa Ulaya aliyezoea hesabu ya hoteli anaiona nyota 4 kuwa sifa nzuri. Anakuangusha huku akitabasamu. Isitoshe, pamoja na alama ya jumla, mgeni huulizwa mambo sita mbalimbali: usafi, usahihi wa tangazo, namna alivyoingia, mawasiliano, mahali ilipo nyumba, na thamani ya pesa yake. Usahihi ni jambo zima kati ya hayo sita, na mwenye kuficha amekwisha kulipoteza kabla mgeni hajafungua begi.

Kuhusu picha nitakuwa mfupi. Mwaka 2009 waanzilishi wa Airbnb, kampuni ikiwa bado inayumba, walikwenda New York na kamera, wakaingia nyumba moja baada ya nyingine na kupiga picha bora wao wenyewe, na mapato ya nyumba hizo yakapanda. Kwetu shida ni mwanga. Kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe jua huingia chumbani kwa saa chache, hivyo kaa uangalie linaingia lini, fungua madirisha yote, na zima taa zile nyeupe zinazofanya kitanda cha samadari kionekane kama cha hospitali. Piga choo na bafu, piga ngazi, piga ufukwe maji yakijaa na yakipwa.

Kati ya siku ya malipo na siku ya kufika, wenyeji wengi hukaa kimya, na kimya hicho ni hasara. Tangu 1 Oktoba 2024 mgeni wa nje anayeingia Zanzibar anatakiwa kulipia bima ya dola 44 kupitia Shirika la Bima la Zanzibar. Usipomwambia, ataijua akiwa kwenye foleni uwanjani, amechoka, ana watoto, na hasira hiyo ataileta kwako ingawa pesa haikuwa yako. Mwambie pia kuwa teksi haiingii vichochoroni. Mpe mahali pa kushukia panapojulikana na kila dereva, kama Forodhani au Darajani, na mtu wa kumpokea pale akiwa na jina lake. Ramani ya simu hupotea kwenye vichochoro vile, na usiku mgeni anayezunguka na masanduku huvuta watu usiowataka.

Huyo mtu wa kumpokea ndiye nyumba yenyewe, kwa maoni yangu. Nyumba nyingi za Unguja wenyewe wako Dar es Salaam, Muscat au London, na ufunguo uko kwa kijana au mama mmoja wa mtaani. Mwenye nyumba hutumia fedha nyingi kununua godoro na kiyoyozi, kisha huyu mtu humlipa kidogo, tena kwa kuchelewa, na humnyima uamuzi wowote. Tazama yanayotokea: saa 5 usiku umeme unakatika, si kwa hitilafu, ni Tukuza, ule umeme wa kulipia kabla, imekwisha. Mgeni anampigia msimamizi. Msimamizi hana salio la kununulia umeme, anampigia tajiri, tajiri amelala na simu imezimwa. Mgeni analala kwenye joto. Asubuhi umeme umerudi, lakini maoni yamekwisha kuandikwa kichwani mwake.

Dawa yake ni nyepesi. Mwachie msimamizi akiba ya fedha ambayo anaitumia bila kuomba ruhusa: Tukuza, mtungi wa gesi, dumu la maji ya kunywa, fundi wa pampu. Adai risiti, akuletee mwisho wa mwezi, umrudishie. Mlipe kwa kila mgeni anayeondoka salama. Na jina lake liandike kwenye tangazo, maana wageni hawasafiri kumfuata mmiliki wasiyemwona. Husoma maoni yanayomtaja aliyewapokea, wakaja wakimuulizia.

Wenye hofu ya wizi huweka kamera sebuleni. Kama uko Airbnb, iondoe: tangu 30 Aprili 2024 kamera za ndani ya nyumba zimepigwa marufuku, hata ukizitaja. Ya nje, langoni, unaruhusiwa, ila iseme wazi kwenye tangazo.

Mgeni akishaondoka, yeye na wewe mna siku 14 za kuandika, na hakuna anayeona ya mwenzake mpaka wote mmeandika au muda umekwisha. Ukipata maoni mabaya, usijibu siku hiyo. Kesho yake andika mistari miwili: umekiri kilichotokea, umesema ulichorekebisha. Huandiki kwa ajili ya aliyeondoka. Unamwandikia huyu anayesoma sasa hivi, na anachopima ni kama unagombana au unashughulika.

Masika inakuja na wageni watapungua. Tumia siku hizo. Funga kalenda siku mbili, ulale kwenye nyumba yako kama mgeni: ushukie Darajani na begi, upande ngazi zako, uoge maji ya tangi lako, uamke na adhana, ushuke baharini saa 4. Kama uko mbali, mtume mtu asiyekuogopa akufanyie hivyo. Yote yatakayoonekana yaandikwe kwenye tangazo kabla kusi haijaanza. Wiki ijayo tutazungumza bei.