Sukari na Presha: Mbona Dawa Mbili?



Katika mikutano yetu ya afya tunaulizwa sana: "Mimi nina ugonjwa wa sukari. Mbona daktari akanipa na dawa ya presha?" Wengine huiacha ile ya presha kwa kuwa hawasikii maumivu. Hiyo ni hatari kubwa, na wacha tueleze sababu.

Ukuta wa mshipa wa damu una misuli. Misuli ikikaza, mshipa hubana. Ikilegea, mshipa hupanuka. Kinachoifanya ikaze ni madini ya kalsiamu. Kila seli ya misuli hiyo ina vilango vidogo mno, visivyoonekana kwa macho. Vikifunguka, kalsiamu huingia na misuli hukaza. Vikifungwa, kalsiamu hupungua na misuli hulegea.

Basi, sukari ikizidi katika damu, vilango hivi hufunguka kupita kiasi. Wataalamu wameliona jambo hili katika mishipa ya wanyama na ya binadamu. Mshipa hukaa umebana, nao moyo hulazimika kusukuma damu kwa nguvu zaidi. Hii si sababu pekee ya presha, maana chumvi nyingi, unene na ugonjwa wa figo pia huileta. Lakini presha na sukari zikikutana, macho, figo, moyo na ubongo huumia upesi.

Dawa kama amlodipini na nifedipini huzuia vilango hivyo, na mshipa hulegea. Ziko dawa nyingine za presha zinazofanya kazi kwa njia tofauti. Daktari ndiye huchagua. Ukiona miguu imevimba baada ya kuanza amlodipini, rudi ukamwambie. Usiiache dawa kimyakimya.

Je, tuache maziwa kwa sababu yana kalsiamu? Hapana! Mwili wenyewe hupima kiasi cha kalsiamu kilicho katika damu. Shida iko kwenye vilango, haiko kwenye kikombe. Cha kupunguza ni chumvi, na sukari katika chai.

Kwa hivyo, ndugu mwenye sukari, kila uendapo kliniki omba upimwe presha pia. Ikionekana mara kwa mara kuwa 140/90 au zaidi, hiyo ni ya juu hata kama unajisikia mzima. Presha haipigi hodi. Mwili tumekabidhiwa na Mungu, tuutunze.