Riwaya ya Vita, Watu wa Kawaida na Sanaa Ikomboayo

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi riwaya ya vita inavyochora maisha ya watu wa kawaida, na kupima dai kwamba sanaa humkomboa mwanadamu.

Msomaji wa Minova, kando ya Ziwa Kivu, hahitaji kuelezwa vita ni nini. Septemba 1914 Wajerumani walikiteka kisiwa cha Idjwi katika ziwa hilo. Januari 2025 wapiganaji wa M23 waliuingia mji wenyewe. Historia huyahifadhi matukio hayo kwa tarehe na majina ya makamanda. Mama aliyefunga mzigo wake usiku hatajwi.

Riwaya humtaja. Katika *Afterlives* (2020), Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, anavitazama vita vile vya 1914–1918 kutoka pwani. Wahusika wake wakuu ni Khalifa, karani, Afiya, yatima, na Hamza, aliyejiunga na jeshi la Wajerumani kwa hiari kisha akajuta. Majemadari wako pembeni. Mwandishi anakaa zaidi nyumbani na katika karakana ya mbao.

Afisa aliyemfanya Hamza mtumishi wake alimfundisha Kijerumani, akamwachia kitabu cha mashairi ya Schiller. Hamza anarudi pwani akichechemea, na kuifasiri mistari michache kwa Kiswahili ili ampe Afiya. Lugha iliyomfikia kama amri na matusi inageuka kuwa lugha ya mapenzi. Afiya aweza kuisoma kwa sababu kaka yake, Ilyas, alimfundisha. Na kwa kosa la kujua kuandika, mlezi wake aliwahi kumpiga hadi kumvunja mkono.

Hata hivyo, mwandishi hatudanganyi. Ilyas mwenyewe aliwapenda Wajerumani, akawa mwimbaji kwao, na akafia katika kambi ya Sachsenhausen. Ndiko alikofia kweli, mwaka 1944, Bayume Mohamed Husen, askari wa zamani mzaliwa wa Dar es Salaam.

Kwa hiyo sanaa haizuii risasi, wala haimwokoi anayeitoa kwa bwana ili akubaliwe. Hukomboa inapopita kati ya watu wanaoheshimiana, katika lugha yao. Minova, Kiswahili kimekuwa lugha ya sokoni na pia ya wenye bunduki. Anayekitungia hadithi leo anafanya kazi ileile ya Hamza.